Silimarini au manjano kwa ajili ya ini: tumbo litavumilia kipi?

JaKano, Kisumu
Wadau, mshahara umeingia. Duka la dawa nimeonyeshwa vitu viwili vya ini: vidonge vya silimarini (dondoo la mmea wa milk thistle) na kapsuli za manjano, ile bizari, zilizochanganywa na pilipili manga. Tumbo langu halitaki mchezo. Nichukue kipi?

MamaBaraka, Nakuru
Ini lina nini? Umepimwa? Kuna dawa nyingine unayotumia? Usiulize bei ya kiatu bila kutaja saizi.

JaKano
Sijapimwa. Nikila nyama choma au chapati nasikia uzito chini ya mbavu za kulia.

Omwana wa Mumias
Silimarini, bila kufikiria mara mbili. Mimi ilinilainisha choo kidogo na gesi kiasi, basi. Meza ukishakula.

Daktari wa Mtaa
Uzito wa kulia baada ya mafuta? Hapo mimi ningeshuku kifuko cha nyongo kwanza. Manjano huchochea nyongo kumwagika, na kama kuna kijiwe utajikunja usiku kucha. Piga ultrasaundi kabla ya kununua chochote.

Nyar Kakamega
Afadhali hivyo vyenye lebo. Mimi niliuziwa unga wa “kusafisha ini” na jamaa wa kipaza sauti pale stendi, nikaambiwa vijiko viwili asubuhi kabla ya kula. Nikapanda matatu Kisumu kuelekea Kakamega. Kiboswa tumbo likaanza kunguruma, kufika Majengo nilikuwa nashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na Chavakali nikamwambia makanga asimamishe gari, nauli abaki nayo! Nilishinda choo cha hoteli ya watu. Kumbe ule unga ulijaa majani ya sena, dawa ya kuharisha. Jamaa akaniambia eti ni sumu inatoka.

Omwana wa Mumias
😂😂 Pole dada. Lakini manjano ni chakula, bibi zetu wametumia miaka yote.

Daktari wa Mtaa
Bibi yako alitia kijiko kwenye sufuria ya watu kumi. Kapsuli ni dondoo kali, na pilipili manga hufanya mwili ufyonze nyingi zaidi. Italia mwaka 2022 ilipiga marufuku kutangaza manjano kuwa yanasaidia ini, baada ya watu kupata homa ya ini.

MamaBaraka, Nakuru
JaKano, swali la dawa umeliruka.

JaKano
Natumia metformini ya sukari.

MamaBaraka, Nakuru
Sasa ndiyo unasema! Hiyo peke yake huharisha watu. Na silimarini inaweza kushusha sukari, kwa hiyo muulize anayekuandikia dawa.

Omwana wa Mumias
Nyama choma nayo apunguze, au hilo halisemwi?

Nyar Kakamega
Mwambie Mjaluo aache samaki pia 😂

JaKano
Samaki hapana. Ultrasaundi Kisumu ni pesa ngapi siku hizi?

Omwana wa Mumias
Mimi nataka manjano ya mizizi, si unga. Soko la Kibuye yapo?