Msaada: mchezo wa kadi za kompyuta wanapata zote, zoezi wanakwama

Mwl_Kanda: Habari zenu wakuu. Nafundisha kompyuta kidato cha pili. Tunacheza mchezo wa kuoanisha: kadi moja ina neno la programu (kigeu, yaani jina linalotunza thamani; lupu, yaani amri zinazojirudia; fankisheni, yaani kipande cha programu chenye jina), nyingine maana yake. Vikundi vinamaliza fasta, hakosi mtu. Nikiwaambia waandike lupu kwenye daftari, wanaduwaa. Mtihani unakaribia, usingizi sipati. Niongeze kadi?

Bahari2: Omba shule inunue kompyuta. Sisi tulikuwa kundi zima mashine moja, kipanya anashika mtoto wa mkuu wa shule. Mpaka leo nachapa kwa kidole kimoja.

MamaJose: Watoto wa siku hizi ni simu tu, kusoma hawataki.

FundiSaa: Mwalimu, hizo kadi umezitengenezaje?

Mwl_Kanda: Manila na maka peni.

FundiSaa: Umezikataje?

Mwl_Kanda: Kila jozi zigizaga, ya neno iingie kwenye ya maana. Darasa ni kubwa, hivyo wanajisahihisha bila kunisubiri. Na za kidato cha kwanza nimeshazikata hivyohivyo.

FundiSaa: Basi wanaangalia mkato. Maneno hawayasomi.

Chuma_Ulete: Chai hii. Mwalimu gani asilione hilo? Anatafuta kiki.

Mwl_Kanda: Sina haja ya kiki. Juzi binti mmoja kaoanisha "kigeu" kadi ikiwa imelala kifudifudi, huku anapiga stori na mwenzake. Ndiyo maana nimekuja hapa. Lakini kujisahihisha kuna faida, siachi.

BintiKilosa: Hata kama ni chai, walimu wenye kadi hizo wapo. Kata kingo zote sawa, nyuma andika namba, watajisahihisha vilevile. Kisha ongeza kadi ya tatu yenye programu yenyewe. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu:

for i in range(5):
    print(i)

Uliza namba ya mwisho itakayotoka. Wengi watasema 5, kumbe inaanza 0 inaishia 4. Wabishane hapo, ndipo lupu inaingia kichwani. Kigeu tumia boksi la chaki: libandike "umri", tia karatasi ya 14. Ukitia 15, ya 14 inatoka. Jina lilelile, kilichomo kimebadilika.

Mwl_Kanda: Boksi naanza nalo kesho, asante dada. Za kidato cha kwanza naziacha zigizaga wiki za mwanzo, wayazoee maneno.

FundiSaa: Mwalimu, hizo ndizo za kukata kingo sawa kwanza.

Chuma_Ulete: Weka picha ya kadi.