Kuvu ukutani: mzigo wa mpangaji au wa mwenye nyumba?

Mleta mada:
Wadau, kona ya chumba imekuwa nyeusi, nguo kabatini zinanuka uvundo, mtoto anakohoa usiku. Mpangaji anapiga simu, anajibiwa: "Wewe hufungui madirisha." Msimamo wangu ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayepaswa kutafuta maji yanatoka wapi, na kabla hajayapata asimtwike mpangaji lawama.

Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali. Hakuna nyumba isiyo nazo. Kinachoziotesha ni maji. Basi tuache kubishana nani mchafu. Bomba linalovuja ndani ya ukuta, paa lililopasuka, msingi uliojengwa bila tabaka la kuzuia maji ya ardhini yasipande, bafu lisilo na dirisha wala feni ya kutoa mvuke: katika hivyo vyote mpangaji hana anachoruhusiwa kugusa. Akibomoa plasta kutafuta bomba, atakatwa kwenye amana yake.

Na kupaka rangi juu ya kuvu si matengenezo. Huko Rochdale, Uingereza, Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka 2. Baba yake alikuwa amelalamikia kuvu tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Mwaka 2022 uchunguzi wa kifo ukathibitisha kuwa kuvu ile ndiyo iliyomuua. Leo kuna sheria yenye jina lake, iliyoanza kutumika Oktoba 2025 kwa nyumba za mashirika ya makazi ya jamii: hatari kubwa ya unyevu au kuvu ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na ile ya dharura ndani ya saa 24. Mtoto amezikwa ndipo watu wakawekewa muda.

Mchangiaji, mwenye nyumba:
Pole kwa familia ile, inaumiza. Lakini nisikilizeni na mimi. Nimewahi kuwa na mpangaji aliyeanika nguo mbichi chumbani kila siku, madirisha yamefungwa, kabati limebanwa ukutani. Dari ilipoanza kudondosha maji alinyamaza miezi. Naitwa, mbao zimeshaoza. Kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, kwa kawaida kuvu haipati nafasi. Ningejuaje mimi niliye mbali?

Mchangiaji, fundi:
Ukuta wenyewe husema. Doa likianzia darini, tazama paa au bomba la juu. Likipanda kutoka sakafuni hadi kama mita moja, na chumvi nyeupe inatoka kwenye plasta, maji yanatoka ardhini. Likiwa konani na nyuma ya kabati tu, mara nyingi ni mvuke wa ndani unaogandia sehemu ya ukuta iliyo baridi. Bado una shaka? Futa ukuta ukauke, bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote kwa gundi, uache siku mbili. Maji yakitokea upande wa chumba, ni mvuke. Yakitokea upande wa ukuta, ukuta wenyewe umelowa.

Mleta mada:
Fundi, asante sana, hapo ndipo nilipotaka tufike. Kipimo hicho kifanywe pande zote mbili zikiwepo, kabla ya mtu kukatwa senti. Na kwa mwenye nyumba nakubali: anayeona maji akanyamaza, hasara iliyoongezeka kwa ukimya wake ni yake. Aandike ujumbe, apige picha, tarehe ionekane.

Ila kuhusu nguo sikubali haraka hivyo. Nyumba haina kamba ya nje wala roshani, mpangaji aanike wapi? Umepangisha watu, na watu huoga, hupika, hufua. Nyumba isiyohimili mvuke wa maisha ya kawaida ina kasoro ya ujenzi.

Kinachonisumbua ni pale bomba linapovuja na madirisha nayo hayafunguliwi. Hapo gharama mngeigawaje?