Ganda la ndizi kweli huangusha watu ama ni vichekesho tu?

kijana_langoni: Jamani, hapa Lamu maganda ya ndizi yamejaa vichochoroni, watu wapita, punda wapita, sijaona mtu akienda chini. Sasa kwenye katuni mtu akikanyaga tu miguu juu. Ni kweli hii?

mzee_wa_baraza: Kweli bwana. Wajapani walipima, Kiyoshi Mabuchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kitasato, 2012, walikanyaga maganda juu ya linoliamu, ile zulia laini ya plastiki ya sakafuni, wakapata kipimo cha msuguano kama 0.07, hiyo ni kidogo mno, na 2014 wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya fizikia, ile ya utafiti wa kuchekesha kisha wa kufikirisha. Upande wa ndani ukibanwa na kiatu vifuko vidogo vyapasuka vyatoa ute, ute ndio wateleza. Ganda la tofaa halitelezi hivyo.

binti_mkomani: Ndio lakini liwe limemenywa sasa hivi, likipigwa na jua lakauka lageuka kama ngozi. Na njia zetu mchanga na mavi ya punda, huo ute utelezee wapi?

kijana_langoni: Basi nalijaribu kwenye taili za jikoni na kandambili

binti_mkomani: Upande mweupe chini, na shika meza. Mama asikuone 😂