Mjadala: Kukariri Kiingereza kwa maana za Kiurdu kunamsaidia kweli mtahiniwa wa Pakistan?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Kule Pakistan, anayetaka uofisa wa serikali kuu hupitia mtihani wa CSS. Kuna insha ya Kiingereza, kuna karatasi ya ufupisho na utunzi, zote za lazima. Ukipata chini ya 40 kwa 100 katika moja tu, basi tena. Wanaovuka mtihani wa kuandika huwa kama asilimia 2 hivi. Ndiyo maana vijana huchukua tahariri ya Dawn, gazeti la Kiingereza la huko, wakachomoa maneno magumu, wakaandika maana ya Kiurdu pembeni na kuyameza.

Msimamo wangu: Kiurdu hakina kosa hapo. Kosa ni orodha isiyo na sentensi. Orodha itakuambia see, look na watch zote ni dekhna, yaani "kuona" kwa Kiurdu, ikaishia hapo. Kwa maneno mazito ya tahariri ndiyo balaa zaidi: kijana hajui neno ni la kusifu au la kukejeli, analitundika tu kwenye insha. Msahihishaji anaona.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeruka suala la shule. Mtoto wa shule binafsi ya Lahore kasoma kwa Kiingereza tangu chekechea, wengine hadi mitihani ya Cambridge. Wa shule ya serikali kijijini anacho nini zaidi ya hiyo orodha? Mtihani wenyewe ndio uhamie Kiurdu. Katiba ya 1973, ibara ya 251, ilitoa miaka 15 Kiurdu kiandaliwe kwa kazi za serikali. Ikapita. Mahakama ya Juu ikaamuru utekelezaji tarehe 8 Septemba 2015. Insha bado ni ya Kiingereza!

Mchangiaji wa pili: Kiurdu cha nani, ndugu yangu? Kwa sensa ya 2023, waliokitaja kuwa lugha ya mama hawafiki mmoja kati ya kumi. Waliobaki ni Wapunjabi, Wapashtuni, Wasindhi, Wasaraiki, Wabaluchi. Kijana wa Peshawar, mji wa Wapashtuni, anatafsiriwa Kiingereza kwa lugha aliyofundishwa darasani. Na msisahau Dhaka, enzi hizo ikiwa Pakistan ya Mashariki (leo Bangladesh), 21 Februari 1952: wanafunzi walipigwa risasi wakidai Kibengali nacho kiwe lugha ya taifa.

Mtoa mada: La Dhaka ni zito, sibishi. Ila mtahiniwa wa mwaka huu hawezi kungoja katiba. Maana aiandike kwa Kipashto kama ndicho anachokiwaza, hakuna anayekagua daftari lake. Lakini anakili sentensi nzima alikolitoa neno, kisha atunge mbili zake kuhusu mambo anayoyajua: bei ya ngano, mafuriko ya 2022, mgao wa umeme. Maneno matano kwa siku yanatosha. Wale wa maneno hamsini kwa siku, njooni mtetee hapa. Nataka kuona insha zenu, si orodha.