Baba anafika 65 mwezi Agosti na anaacha kazi: Medicare ipi, na aanze lini?

Binti_Kisauni:

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Nauliza kwa niaba ya baba, kuhusu Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee. Anatimiza miaka 65 tarehe 19 Agosti 2026. Yuko Dallas, ana grini kadi mwaka wa 17 sasa, na muda wote huo amekatwa kodi ya Social Security. Kampuni yake ina wafanyakazi kama 300, na bima ya kazini inamhudumia yeye na mama, ambaye ana miaka 61. Ameshasema kazi mwisho 30 Juni. Ana presha na kisukari, anachoma insulini. Baada ya kustaafu anataka kuwa Mombasa miezi minne au mitano kila mwaka.

Ameanza kupigiwa simu na mawakala wa Medicare Advantage (Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi) wanaomwambia hatalipa hata senti. Wengine wanasema asubiri 67, ndiyo umri wake wa kustaafu. Tushike lipi?

Karani_Houston:

Wa aleikum salaam, dada. La 67 liondoeni kabisa. Aliyezaliwa 1960 na kuendelea hupata pensheni kamili ya Social Security akiwa na 67, hiyo ni kweli, lakini Medicare ni 65 kwa wote. Akisubiri bila bima ya kazini, ada ya Sehemu B, ile ya madaktari, inaongezwa faini ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na faini hiyo haiishi, ataibeba maisha yake yote.

Sasa tarehe. Hiyo 30 Juni ndiyo inayovuruga hesabu. Dirisha lake la kujiandikisha ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, Agosti wenyewe, na mitatu baada yake, yaani 1 Mei hadi 30 Novemba. Akiomba Mei, Juni au Julai, Medicare inaanza 1 Agosti. Akiomba Agosti, inaanza 1 Septemba. Mapema kuliko 1 Agosti haiwezekani. Bima nyingi za kazini hukatika siku ya mwisho ya mwezi ambao mtu ameacha kazi, kwa hiyo Julai nzima mzee yuko wazi, hana bima, na mama yuko wazi kuanzia hapo.

Kama mwili unamruhusu, asogeze mbele hadi 31 Agosti. Si kwa ajili ya pengo la Julai tu. Mtu akiacha kazi, mke wake anapata haki ya kuendelea na bima ileile kupitia COBRA kwa miezi 18. Lakini Medicare ya mfanyakazi ikiwa imeshaanza kabla hajaacha kazi, na akaacha ndani ya miezi 18 tangu ianze, mke anapewa hadi miezi 36 inayohesabiwa tangu siku Medicare ilipoanza. Kwa mama yenu hiyo ni tofauti ya kufika mwisho wa Julai 2029 badala ya mwanzoni mwa 2028. Kwa Agosti hiyo mzee atalipa Sehemu B ya mwezi mmoja akiwa bado kazini, dola 202.90. Ukilinganisha na anachopata mama, ni kidogo. Idara ya wafanyakazi mara nyingi huandika 18 kwa mazoea, basi ombeni barua inayotaja mwezi wa mwisho, na mkiona 18 wakumbusheni tarehe ya Medicare.

COBRA si rahisi: mnalipa gharama nzima ya bima, pamoja na sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri, hadi asilimia 102. Kwa hiyo mpimeni mama pia kwenye soko la bima la serikali, HealthCare.gov. Kupoteza bima ya kazini kunamfungulia siku 60 za kujiandikisha nje ya msimu. Angalieni mapato ya nyumba nzima kwa mwaka: kwa watu wawili, ukivuka dola 84,600 mwaka 2026 ruzuku ya serikali kwenye ada ya bima haipo hata kidogo, ukiwa chini yake ipo. Mzee kuacha kazi katikati ya mwaka kunaweza kuwashusha chini ya mstari huo. Hesabuni kabla hamjajaza fomu, maana ruzuku iliyozidi hudaiwa wakati wa kufaili kodi.

Na kama 30 Juni haisogei, msiilipie COBRA ya Julai papo hapo. Mna siku 60 za kuamua, kisha siku 45 za kulipa malipo ya kwanza, na bima inarudi nyuma hadi siku ile ya zamani ilipokatika. Julai ikipita salama, hamjatoa kitu. Mzee akilazwa, mnaichukua na kulipia mwezi huo.

MamaTunu:

Karani amemaliza upande wa tarehe. Niseme la kuchagua, maana hapo ndipo wazee wetu wanapoumia.

Sehemu A, ya kulazwa, haina ada ya mwezi kwake kwa sababu ana zaidi ya robo 40 za kazi (robo nne kwa mwaka, yaani kama miaka 10). Sehemu B, ya madaktari na vipimo, ni dola 202.90 kwa mwezi mwaka huu. Lakini hizo mbili zina matundu. Kila akilazwa kwa tukio jipya anatoa dola 1,736 mwenyewe kwanza. Kwenye B anatoa 283 za mwanzo wa mwaka, halafu asilimia 20 ya karibu kila kitu, bila kikomo. Ni hiyo asilimia 20 isiyo na kikomo inayohitaji kuzibwa, na vizibo ni viwili: Medigap, yaani bima ya ziada ya kampuni binafsi juu ya A na B, au kuhamia Medicare Advantage.

Advantage isiyo na ada ya mwezi haimaanishi bure. Sehemu B bado analipa. Anafungwa kwenye orodha ya madaktari wa kampuni, vipimo vingi vinahitaji kibali kwanza, na mwaka ukiwa mbaya anaweza kutoa hadi dola 9,250 kwa madaktari wa ndani ya orodha. Inawafaa wengi wanaokaa mji mmoja na daktari mmoja, hasa ambao ada ya Medigap ingewabana. Kwa mtu wa Mombasa miezi mitano siishauri. Akikaa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi sita mfululizo, kwa kawaida mpango unamwondoa. Miezi mitano inakaribia sana: ndege ikiahirishwa, msiba ukitokea nyumbani, ameshavuka.

Medigap Plan G inalipa yale 1,736 na ile asilimia 20, anabaki na 283 tu kwa mwaka. Anatibiwa na daktari yeyote nchini anayepokea Medicare. Herufi G ni ileile kwa kampuni zote, mafao hayatofautiani, kinachotofautiana ni bei. Kwa hiyo chukueni bei za kampuni tatu au nne, na kila moja muulizeni inapandishaje ada mteja anapozeeka.

Shikeni hili sana: anapoanza Sehemu B akiwa na 65, anapata miezi sita ambayo kampuni haiwezi kumkataa wala kumpandishia bei kwa sababu ya kisukari. Kwake ni 1 Agosti 2026 hadi 31 Januari 2027. Baada ya hapo, huko Texas kama ilivyo majimbo mengi, wanaruhusiwa kumuuliza maradhi yake na kumkataa, na mtu wa insulini hukataliwa mara nyingi. Ndiyo maana “aanze na Advantage, atahamia Medigap akiugua” ni ushauri mbovu. Kuna mlango mmoja wa kurudi: aliyeingia Advantage mara tu alipofika 65 anaweza kutoka ndani ya miezi 12 ya kwanza na kupewa Medigap bila maswali. Ukishapita mwaka, umefungwa.

Kuhusu Mombasa: Medicare yenyewe hailipi matibabu ya Kenya. Plan G hulipa dharura za nje ya Marekani, asilimia 80 baada ya dola 250 za kwanza, kikomo dola 50,000 kwa maisha yote, na dharura yenyewe iwe imeanza ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari. Tangu siku ya 61 hakuna. Miezi mitatu inayobaki anunue bima ya safari ambayo haikatai maradhi aliyonayo tayari na inayolipa kusafirishwa kwa ndege akiwa mgonjwa, au kama bado ana kitambulisho cha Kenya, ajisajili SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, na kulipa mchango wake wa mwaka mapema kabla hajaihitaji.

Mkivu_wa_Ohio:

Salamu kwa wote. Naongeza neno kwa wenye wazazi waliofika kama wakimbizi, maana hapa tuko wengi tuliotoka Kongo. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imebana Medicare: mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye bado hajapata grini kadi hastahili tena, na aliyekuwa nayo tayari itakatwa ifikapo 4 Januari 2027. Mkimbizi anaweza kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja nchini. Mwenye mzazi ambaye karatasi hizo zimelala kabatini azitume sasa.

Na mzazi aliyeletwa na mtoto akiwa mzee, bila kazi Marekani, ana njia nyingine: grini kadi na miaka mitano mfululizo nchini, kisha ananunua. Sehemu A bila robo 30 ni dola 565 kwa mwezi, na mwenye 30 hadi 39 ni dola 311. Kabla ya kulipa, mtazameni mwenzake wa ndoa: akiwa na robo 40 na amefika 62, huyu wa 65 anaipata A bila ada.

Binti_Kisauni:

Mungu awazidishie. Baba amekubali 31 Agosti. Limebaki la dawa, na namna ya kuomba.

Karani_Houston:

Dawa ni Sehemu D, mpango wa pembeni. Kwa kuwa bima ya kazini inamfikisha 31 Agosti, D na Plan G zote zianze 1 Septemba, maombi yaende Agosti. Ingieni Medicare.gov kwenye ukurasa wa kulinganisha mipango, andikeni kila dawa kwa jina, kipimo na idadi ya mwezi, halafu duka la dawa analotumia. Pangeni kwa gharama ya mwaka mzima, msitazame ada ya mwezi peke yake. Insulini haizidi dola 35 kwa mwezi, na dawa zote zilizomo kwenye orodha ya mpango hazimzidi dola 2,100 kwa mwaka huu. Vijiti vya kupimia sukari haviko kwenye D, viko B, kwa hiyo duka liwe linapokea Medicare.

Dawa zilizonunuliwa Mombasa D hailipi. Wiki mbili kabla ya safari apige simu kwa mpango aombe ruhusa ya kuchukua dawa za miezi mitatu kwa mkupuo. Hapo ndipo insulini inapotaka mfuko wa baridi na barua ya daktari kwa ajili ya uwanja wa ndege.

Maombi ya A na B ni ssa.gov. Achague Medicare peke yake. Akiomba na pensheni hapo hapo, atakatwa kama asilimia 13 maisha yote, kwa kuwa hajafika 67. Asipochukua pensheni, ada ya B italetwa kwa bili ya miezi mitatu mitatu, msiitupe mkidhani ni tangazo. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kadi ya Social Security, kwa mpangilio uleule. Wazee wa majina matatu mtandao huwakataa hapo, na ikitokea hivyo piga 1-800-772-1213 uombe miadi na mkalimani wa Kiswahili, halipiwi.

MamaTunu:

Na akibadili nia akaendelea na kazi kupita Novemba, ana miezi minane ya kujiandikisha B tangu kazi au bima ikome, lolote linalotangulia. Atahitaji fomu CMS-40B ya kuomba B, na CMS-L564 ya kuthibitisha bima ya kazini, ambayo mwajiri anajaza sehemu ya pili. Itazameni kabla ya kuituma: tarehe ya bima kuanza ikiachwa wazi, inarudishwa. COBRA haisimamishi ile miezi minane. Na kama anaweka pesa HSA (akaunti ya akiba ya matibabu isiyotozwa kodi), aache miezi sita kabla ya kuomba, kwa sababu Sehemu A hurudishwa nyuma hadi miezi sita na pesa zilizoingia humo zinatozwa kodi ya ziada.