Waifai haionekani, saa imerudi nyuma kwa saa tatu, na daftari langu la dagaa halikubali kuandikwa

mama_daftari, Kirumba

Wakuu habari za jioni. Shikamooni mnaostahili.

Naomba msaada, na mnieleze taratibu kwa sababu sijui kitu. Maelezo yote niliyosoma yanaanza na "ni rahisi sana, fungua terminali". Kwangu shida inaanzia hapohapo kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri.

Nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza. Nanunua kwa wanaoshusha kutoka visiwani, naanika tena wakiwa hawajakauka vizuri, nafunga magunia, nawauzia wanaopeleka Kongo na mikoani. Hesabu zangu zote ziko kwenye laptopu ya mtumba niliyonunua Makoroboi: RAM 4 GB, prosesa ya i3 ya kizazi cha nne. Ilikuwa na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 muda wake wa kupewa masasisho ya bure ukaisha, nikaambiwa niende 11. Nikijaribu kwenda 11, naambiwa mashine yangu haina sifa. Yaani umeambiwa uhame, na nyumba ya pili hawakutaki.

Mtoto wa dada yangu, yuko chuo kule Malimbe, akaniwekea Linux Mint 22, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ile ya Xfce yenye muonekano mwepesi, kando ya Windows ili ya zamani ibaki mpaka nizoee. Ikawaka vizuri, nyepesi kweli. Kesho yake akaenda fildi Geita, na simu yake haipatikani mpaka usiku. Ameniachia mtumbwi bila kasia.

Sasa:

Waifai. Nikiwa Windows ipo. Nikiwa Linux hakuna hata orodha ya mitandao. Siku ile kijana alitumia simu yake kwa waya, akasema "hiyo ya waifai tutaimalizia".

Saa. Hii ndiyo imenitia aibu. Usiku nilikuwa Linux najifunza, asubuhi nikawasha Windows nitoe risiti. Nimemuuzia mteja magunia sita saa mbili na dakika kumi asubuhi, risiti imetoka na 05:10. Bwana yule akaitazama, akaniuliza, "Mama, saa kumi na moja alfajiri mimi nilikuwa wapi?" Saa hiyo hata ghala halijafunguliwa. Akadhani nina vitabu viwili.

Daftari. Faili la hesabu liko upande wa Windows. Nikiwa Linux naliona, nalifungua, nikitaka kuhifadhi nilichoandika linasema ni la kusoma tu.

Na mwisho, keibodi. Terminali ikiniomba neno la siri, nabonyeza na hakitokei kitu. Hata nyota hazitokei. Nikajua keibodi ya laptopu imekufa, nikaenda Mlango Mmoja kununua ya USB, elfu kumi na tano. Nayo haiandiki! Nikarudi kwa muuzaji kugombana, akaichomeka kwenye kompyuta yake, ikaandika vizuri mbele ya watu.

Nianzie wapi?

fundi_wa_igoma

Marahaba mama, nami shikamoo, maana kwa maandishi yako wewe ni mkubwa kwangu.

Pole kwa keibodi, zote mbili ni nzima. Terminali mara nyingi haionyeshi neno la siri unapoliandika, imefanywa hivyo makusudi ili aliye nyuma yako asihesabu hata herufi ni ngapi. Andika tu bila kuona, bonyeza Enter. Ukikosea itakwambia urudie. Na kama unanakili amri kutoka mtandaoni, kubandika ndani ya terminali ni Ctrl+Shift+V. Ctrl+V peke yake haikubali.

Tuanze na waifai. Andika hii, utuletee jibu lake:

`lspci -nnk | grep -A3 -i network`

Haibadilishi kitu, inauliza tu kadi yako ya mtandao ni ya nani na inaendeshwa na draiva gani, yaani programu ya kuiendesha.

kijana_wa_buzuruga

Mama achana na mateso, piga Windows 11 ya kulazimisha, kuna mafundi wanaweka kwa elfu kumi.

fundi_wa_igoma

Na ikikataa sasisho kubwa linalofuata, elfu kumi nyingine. Mwache mama ajifunze.

mwalimu_mstaafu, Nyegezi

Mwangaluka mama Daftari.

Waifai namwachia fundi. Mimi niseme habari ya saa, kwa sababu nimewahi kuitafuta wiki nzima kwenye kompyuta za shule nikidhani betri ndogo ya ndani imekwisha.

Ndani ya mashine yako kuna saa ndogo inayotembea hata ukizima, inaendeshwa na kibetri cha duara kama cha saa ya mkononi. Mifumo yako miwili inagombania hiyo saa moja. Windows inaandika humo saa ya hapa kwetu. Linux inaandika saa ya dunia, UTC, halafu inapokuonyesha wewe inaongeza saa tatu kwa sababu Tanzania iko mbele kwa saa tatu. Basi ukizima Linux usiku, imeacha mle ndani saa ya dunia. Asubuhi Windows inaisoma ikidhani ni ya Mwanza. Saa mbili na dakika kumi toa tatu, umepata saa kumi na moja na dakika kumi. Windows ikipata intaneti mara nyingine hujirekebisha yenyewe, kwa hiyo huenda hukuiona kila siku.

Hapa sisi Waswahili tuna kipimo ambacho wenzetu hawana. Kosa likiwa la saa sita kamili, kompyuta haina neno: ni wewe umesoma 08:10 ukaiita saa nane. Likiwa la saa tatu, ni ugomvi wa Linux na Windows. Nimewafundisha hivyo vijana wengi na hawasahau.

Dawa ni kumwambia Linux akubaliane na mwenzake. Ukiwa Linux andika:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Itakutolea onyo refu la Kiingereza. Usiogope. Wanaonya kuhusu nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka. Sisi hatusogezi, mwaka mzima ni saa ileile. Kisha washa Windows, rekebisha saa mara moja, imekwisha. Risiti za nyuma ziandikie kwa kalamu.

Sasa daftari. Windows ukiibonyeza izime, mara nyingi haizimiki kabisa. Ina mtindo wa kuwaka haraka: inafunga kazi zako, ila kiini chake inakihifadhi kwenye diski ili kesho iamke upesi. Linux ikija inakuta diski ina mwenyewe ambaye amesinzia tu, hajaondoka. Ikiandika humo, Windows ikaamka na kumbukumbu zake za jana, mafaili yanaweza kuharibika. Ndiyo maana inakufungulia kwa kusoma tu, na wengine inawakatalia kabisa kufungua. Inakulinda.

Nenda Windows, kwenye mipangilio ya umeme, sehemu ya kuchagua vitufe vya kuzimia vifanye nini, uondoe tiki ya "fast startup". Ukiwa na haraka, shikilia Shift unapobonyeza kuzima, hapo inazimika kweli. Mtandaoni utakutana na amri za kulazimisha diski ifunguke. Zinafanya kazi, nami nakuomba usizitumie kwenye diski yenye hesabu za watu. Na nakala ya daftari iwe kwenye flashi kabla hujagusa chochote. Leo hii, mama.

mama_daftari

Mwangaluka mwalimu. Asante sana, nimeelewa mpaka nimecheka peke yangu ghalani. Hiyo ya saa sita nitamwambia mtoto wa dada.

Saa imekaa sawa, nimejaribu mara tatu kuingia huku na kule. Daftari limekubali. Nakala iko kwenye flashi mbili, moja nimempa mume wangu asijue ni nini.

Kaka fundi, jibu ni refu, ila naona Broadcom BCM43142. Chini yake hakuna mstari wa draiva inayotumika.

fundi_wa_igoma

Nilihisi. Hiyo kadi inajulikana, inataka draiva ya wenyewe ambayo msimbo wake haujawekwa wazi, kwa hiyo haiji imewashwa.

Chukua simu, ichomeke kwenye laptopu kwa waya, uende kwenye mipangilio ya simu uruhusu kushiriki intaneti kwa USB. Hotispoti haitakusaidia, maana hotispoti yenyewe ni waifai na ndiyo huna. Waya wengine ni wa kuchajia tu, ukiona simu inachaji na mtandao hauji, badilisha waya kabla hujailaumu Linux. Kisha kwenye menyu fungua Driver Manager, utaona Broadcom, ichague, subiri imalize, zima uwashe. Sasisho kubwa la mfumo mzima liache kwanza, litakumalizia bando.

mama_daftari

Nimefanya, na nimeharibu.

Katikati iliniambia nitunge neno la siri, sikujua la nini, nikaweka. Nilipoiwasha upya ikaja skrini ya bluu yenye maandishi meupe na namba inahesabu kurudi nyuma, kumi, tisa, nane. Nilidhani ni ile bluu ya Windows ya kufa mashine. Nikaondoa mikono kabisa. Ikapotea, Linux ikawaka kama kawaida, waifai hakuna.

Halafu mimi na kiherehere changu nikaona simu bado imechomekwa, ngoja nisasishe vyote. Umeme ukakatika. Betri yangu inakaa dakika nne. Sasa kila nikitaka kuweka programu inasema dpkg imekatizwa.

fundi_wa_igoma

Hujaharibu kitu, usilale na presha. Tuanze na la umeme kwa sababu linazuia mengine. Hiyo dpkg ndiyo inayopanga programu ndani ya Linux, ni kama mtu wa stoo: alikuwa anapanga mzigo, taa zikazima, kaacha magunia mlangoni. Mwambie amalizie:

`sudo dpkg --configure -a`

Akimaliza:

`sudo apt install -f`

Ikikujibu kwamba imeshindwa kupata kufuli, maana yake kuna sasisho linaendelea kimyakimya nyuma. Kunywa chai, urudi baada ya dakika kumi. Usifute faili la kufuli kama wanavyoshauri huko kwingine.

Skrini ya bluu ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Mashine yako ina ulinzi unaoitwa Secure Boot. Unakataa draiva yoyote isiyo na saini inayotambulika, na hiyo ya Broadcom imetengenezewa hapohapo kwenye laptopu yako, kwa hiyo saini yake ni ngeni. Ile skrini ilikuwa inauliza kama mwenye mashine anaikubali. Inasubiri sekunde kumi, asipojibu mtu inaendelea bila kuikubali. Tuiite tena:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Itakuomba utunge neno la siri. Ni la kutumia mara moja tu, weka fupi. Zima uwashe, na safari hii usiondoe mikono: bluu ikija bonyeza kitufe chochote, chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", "Yes", andika lile neno, halafu iache iwake upya. Pale keibodi inasoma kwa mtindo wa Kimarekani, kwa hiyo neno liwe la herufi za kawaida bila alama.

mwalimu_mstaafu, Nyegezi

Naongeza kidogo tu. Sasisho lifanye wakati betri imejaa na umeme upo, na kama betri ni ya dakika nne basi tafuta jirani mwenye sola.

Hukuuliza, ila najua linakusumbua kama utafukuzwa tena: Mint 22 imejengwa juu ya Linux nyingine, Ubuntu 24.04, na itapata masasisho ya usalama mpaka 2029.

kijana_wa_buzuruga

Mama ikikubali utuambie, nina laptopu ya hivyohivyo, Broadcom hiyohiyo 😅

mama_daftari

Imekubali!

Amri ya kwanza ilitoa maandishi mengi kama mvua kwenye bati, ikatulia. Ya pili ikasema hakuna cha kurekebisha. Bluu ilipokuja nilikuwa nimesimama, kidole kiko kwenye Enter tangu laptopu inazima. Neno la siri nilitumia "sangara" na niliandika bila kuona kama mtu mzoefu. Ilipowaka, mitandao ikajipanga yote, mpaka wa mgahawa wa ng'ambo ya barabara.

Kijana wa Buzuruga, fuata alivyoandika fundi, usiruke hatua ya waya wa simu. Wangu wa kwanza ulikuwa wa kuchajia tu, ilinichukua saa nzima kukubali.

Mtoto wa dada kapiga simu usiku kutoka Geita kuuliza kama bado sijafanikiwa anielekeze. Nikamwambia awahi kulala.

Limebaki dogo: barua zangu za Word nikizifungua kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia ya huku Linux, mistari inasogea, sahihi inaangukia ukurasa wa pili.

fundi_wa_igoma

Ni fonti. Kama barua iliandikwa kwa Calibri na Linux haina, inaweka nyingine yenye upana tofauti. Weka `fonts-crosextra-carlito`, upana wake ni uleule wa Calibri, mistari itarudi mahali pake. Na barua ya kumtumia mtu itoe kwa PDF, hiyo haisogei popote.

mama_daftari

Nimeweka, sahihi imerudi ukurasa wa kwanza. Mungu awabariki.

Keibodi ya USB bado ninayo, iko kwenye boksi lake, muuzaji alikataa kuirudisha. Aliye Mwanza anayeihitaji aje Mwaloni, namwachia kwa elfu kumi na mbili. Risiti ipo, na saa itakuwa sahihi.