Jonali inaganda diski ikitoa EIO (kosa la kusoma au kuandika): kosa liko wapi?

mtu_wa_Birere (Goma)
Wakubwa, jambo. Hii ni moduli ya kerneli ya Linux inayotumia jbd2, ile sehemu ya kerneli inayotunza jonali (kumbukumbu ya mabadiliko) ya mfumo wa faili. Diski ya nje inakula moto (umeme) wa ukutani, laptopu iko kwa betri. Moto ukikatika, kila programu inayoandika inabaki katika hali ya D, yaani inasubiri diski na haiwezi kuuawa. Baada ya sekunde 120 kerneli inalalamika kwamba jbd2 imekwama. Msaada, tafadhali.

```
h = jbd2_journal_start(j, 4);
if (!h) return -ENOMEM;
bh = sb_bread(sb, n);
if (!bh) return -EIO;
jbd2_journal_get_write_access(h, bh);
memcpy(bh->b_data, d, len);
return jbd2_journal_stop(h);
```

Ibanda_c (Bukavu)
Kaka, kinachokugandisha ni mstari wa nne. Unatoka na -EIO bila jbd2_journal_stop, kwa hiyo t_updates (hesabu ya wanaoendelea kuandika) ya muamala haishuki hadi sifuri, na uzi wa kukomiti, ule unaoandika muamala diskini, unaisubiri milele. Ubaya wake unajificha: current->journal_info bado inashika h ileile, basi mchakato huohuo ukiita start tena unapewa hiyohiyo, h_ref (hesabu ya mara ilizofunguliwa) ikipanda tu. Utadhani mambo ni mazuri mpaka komiti ifike, na kwa kawaida inafika kila sekunde 5.

Usiongeze stop pale. Hamisha sb_bread juu ya start: kusoma kukishindwa, hakuna cha kufunga.

Start hairudishi NULL, ikishindwa inarudisha kosa ndani ya pointa, kwa hiyo pima IS_ERR. Pia jbd2_journal_dirty_metadata, ya kutangaza kwamba bafa imebadilika, haipo kabisa, yaani badiliko lako haliingii kwenye jonali hata diski ikiwa nzima! Na brelse, ya kuachia bafa, nayo imesahaulika. Mwisho uwe hivi:

```
funga:
 err2 = jbd2_journal_stop(h);
 if (!err) err = err2;
achia:
 brelse(bh);
 return err;
```

mtu_wa_Birere
Asante mkubwa. get_write_access ikikataa, niite jbd2_journal_abort?

kasapa_kerneli (Lubumbashi)
Hapana. Bafa (nakala ya bloku kwenye kumbukumbu) bado hujaigusa. Goto funga, rudisha err. Abort inafunga uandishi wa mfumo mzima wa faili, kila start inayofuata inapata -EROFS (kosa la "kusoma tu"). Iweke kwa pale umeshabadilisha bloku moja na ya pili ikakataa, huwezi tena kurudi nyuma.

Kupima, usingoje moto ukatike. Faili ya 512M, losetup kuifanya diski, juu yake dmsetup yenye jedwali la linear, linalopitisha kila ombi moja kwa moja. Wakati wa kuandika: dmsetup suspend --nolockfs --noflush, pakia jedwali la error, linalokataa kila ombi, resume. Fanya umount, rudisha linear, maunti upya ili jonali ichezwe, umount tena, halafu kagua kwa e2fsck -fn kama muundo wa diski ni wa ext4. Rudia mara nyingi. Mara moja inaweza kuangukia kati ya komiti mbili na usione kitu. Jaribio la generic/475 katika xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili, linafanya karibu hivyohivyo.